Vidokezo 7 vya Kutumia Tyuna ya Antena kwa Redio za Programu

Redio inayoendeshwa kwa programu huruka kutoka megahezi 7 hadi 14 kwa mbofyo mmoja. Waya wa antena hauna wepesi huo. Hapo ndipo tyuna inayojirekebisha yenyewe inapofaa: rilei zake huunganisha na kukata koili na kapasita mpaka redio ione omu 50 inazozitarajia.

1. Hakikisha unaihitaji. Vifaa vidogo vya USB vya kupokea tu havirushi mawimbi, kwa hiyo tyuna hii haina cha kupima. Kama unarusha, uwe na leseni: Tanzania hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano.

2. Kata waya vizuri. Kwa antena ya mikono miwili inayolishwa katikati, gawanya 143 kwa megahezi. Utapata urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni takriban mita 20. Kisha ongeza au punguza kidogo kidogo huku ukipima.

3. Sikiliza kwanza. Kioo cha kompyuta kinakuonyesha bendi nzima. Tafuta nafasi tupu, uliza kama kuna mtu, ndipo utyuni. Usimkatize mwenzako anayejitahidi kusikia kituo cha mbali.

4. Punguza nguvu. Tyuna nyingi hutosheka na wati 5 hadi 10. Rilei zikibadilika huku wati 100 zinapita, cheche huziunguza.

5. Usikimbizane na SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio) ya 1. Ikiwa 1.5, rusha bila wasiwasi. Kwenye 2, asilimia 11 hivi ya nguvu hurudi. Kwenye 3, robo nzima.

6. Isogeze karibu na antena. Tyuna ikikaa mezani, redio inaridhika, lakini kebo inayopanda juu bado inageuza nguvu kuwa joto. Ifunge chini ya antena, ndani ya sanduku lisiloingiza maji.

7. Ijazie kumbukumbu. Tyuni kila bendi unayotumia. Tyuna nyingi huhifadhi mpangilio na kuurudisha mara moja. Ukibadilisha waya, futa yote uanze upya.

Na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua waya imara na nguzo ndefu. Tyuna huilinda redio. Inayokufikisha mbali ni antena.