TUMEZALIWA PAMOJA KWA UBATIZO

Wahenga wetu walisema: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Maana yake ni wazi. Rafiki wa sahani huondoka sahani inapokwisha. Ndugu wa tumbo moja husimama nawe hata kaburini. Leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja juu ya methali hiyo. Mkristu mwenzako, yule mnayepiga magoti pamoja kila Jumapili na kupokea Mwili wa Bwana katika meza moja, je, ni mla nawe tu, au ni mzaliwa nawe?

Hapana shaka kila mmoja atajibu upesi kwamba ni ndugu yake. Katekisimu imetufundisha hivyo. Kwa Ubatizo tumezaliwa upya, tukapata Baba mmoja aliye mbinguni na Mama mmoja, ndiye Kanisa. Basi tu watoto wa nyumba moja. Lakini jibu la mdomo si jibu la maisha. Yatazameni mabenchi ya kanisa. Yule mzee aliyezoea kukaa karibu na nguzo haonekani, na hii ni Jumapili ya tatu. Ni nani aliyekwenda kumwuliza hali? Ikiwa hakuna hata mmoja, basi tulikuwa tukila naye tu.

Mtakatifu Luka, katika sura ya pili ya Matendo ya Mitume, aonyesha nguzo nne za maisha ya Wakristu wa kwanza wa Yerusalemu: walijifunza kwa Mitume, waliishi kwa ushirika, waliumega mkate, na walisali. Angalieni vema jambo hili. Ushirika umewekwa katika safu moja na mkate na sala. Haukuwa pambo la kuongezwa baada ya ibada. Ulikuwa sehemu ya dini yenyewe.

Wala tusidhani kwamba watu wale walikuwa malaika. Sura ya sita ya kitabu hicho yasimulia jinsi manung'uniko yalivyozuka, kwa kuwa wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakaripia wale walionung'unika, wala hawakusema kwamba habari ya chakula ni ndogo. Waliwakutanisha waamini, na watu saba wenye sifa njema wakachaguliwa, Stefano akiwa mmoja wao, ili waiangalie kazi hiyo. Huko Korinto mambo yaliharibika zaidi. Wenye vitu walitangulia kula vyao, na wasio na kitu wakabaki na njaa na aibu, tena katika karamu ya Bwana. Mtakatifu Paulo aliwaandikia kwa ukali kwamba mikutano ya namna hiyo yaleta hasara kuliko faida, akawaagiza wangojane. Neno hilo la kungojana ni dogo, lakini ndani yake mna fundisho zima.

Wala mambo hayo si ya nchi za mbali tu. Mwaka 1882 mapadre Wamisionari wa Afrika walilazimika kuondoka Buganda, wakavuka Ziwa kwenda kusini. Walikuwa wamefika mwaka 1879 tu, na wabatizwa walikuwa wachache. Mtu angeweza kudhani kwamba imani ile changa ingenyauka. Lakini mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta kundi limeongezeka. Kwa nini? Kwa sababu Wakristu walifundishana, walisali pamoja, na walitunzana. Katika jumba la Kabaka kiongozi wao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Huko Mityana walikuwako akina Matia Mulumba. Yosefu alipouawa mwezi wa Novemba 1885, Karoli Lwanga alishika mahali pake. Na katika usiku wa hatari, mwezi wa Mei 1886, yeye mwenyewe aliwabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwamo. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga na wenzake wengi walichomwa moto Namugongo, na pamoja nao Wakristu wa Kianglikana. Mashahidi Wakatoliki 22 walitangazwa Watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Hao hawakuzaliwa wote katika ukoo mmoja. Lakini waliokula pamoja walikufa pamoja, kwa kuwa Ubatizo ulikuwa umewafanya wazaliwa wa nyumba moja.

Urithi huo ndio ambao Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walitaka kuulinda, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyokutana Roma mwaka 1994, ililiita Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu. Na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995, alifundisha kwamba familia hiyo haiwezi kukamilika pasipo jumuiya ambazo ni ndogo kiasi cha watu kujuana na kupendana. Parokia ya maelfu haiwezi kujua kwamba mama fulani amelala na njaa. Nyumba kumi zaweza kujua.

Zaweza kujua, lakini je, zajua? Hapa lazima tuseme kweli, hata kama yauma. Ziko jumuiya ambamo Neno la Mungu husomwa upesi ili daftari la michango lifunguliwe. Majina husomwa, na asiyetoa hutajwa mbele ya watu. Mama asiye na kitu mwezi huu asema juma la kwanza kwamba yeye ni mgonjwa, juma la pili kwamba mtoto ni mgonjwa, na juma la tatu haji tena. Hakuna amfuataye. Halafu msiba waingia nyumbani mwake, na swali la kwanza la wenzake ni hili: "Je, huyu alikuwa akishiriki?" Ndugu zetu, swali hilo lilipaswa kuulizwa mapema, na tulipaswa kuulizwa sisi.

Hatusemi kwamba michango ni mibaya. Kulitegemeza Kanisa ni wajibu wa kila mwamini, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Wala hatuwatetei wale ambao wana afya na nafasi, nao waikumbuka jumuiya siku ya jeneza tu. Au wale akina baba ambao huwaachia wake zao sala zote, kana kwamba Ubatizo ulikuwa wa wanawake peke yao. Hao nao wavunja ushirika. Lakini ni jambo moja mtu kuukimbia undugu, na ni jambo jingine undugu kumkimbiza mtu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila jumuiya inapokutana ihesabu wasiokuwapo kabla ya kuhesabu fedha, na watu wawili wapewe kazi ya kuwatembelea juma hilo hilo. Pili, sadaka ya maskini ipokewe kwa siri na kwa heshima, na aliyepungukiwa asitajwe hadharani. Tatu, siri iliyosemwa katika sala ibaki katika sala; maana mtu akisikia huzuni yake ikizungumzwa kisimani, hatafungua moyo wake tena. Nne, waliogombana wapatane kabla ya Jumapili, kwa kuwa Bwana wetu alituagiza kuiacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Tano, tumtafute mgeni: mpangaji aliyehamia juzi, kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi, mtumishi wa nyumbani asiye na jamaa karibu.

Nanyi wazazi, anzeni mezani kwenu. Mtoto amwonaye baba yake akitoka jioni kwenda kumtazama jirani aliyeadimika, huyo amekwisha kufundishwa maana ya ushirika, hata kama hawezi bado kulitamka neno lenyewe.

Jumapili ijayo, kabla Misa haijaanza, tutazame mahali palipo wazi kando yetu. Aliyekuwa akikaa pale ana jina na ana nyumba, na njia ya kwenda kwake twaijua. Baada ya Misa tusiende moja kwa moja nyumbani. Twende tukabishe hodi, nasi tumwambie neno moja tu: kwamba tulimngoja.