Mrushaji na Mkimbiaji wa Besi ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Besiboli ilianza kufundishwa katika shule za Tanzania mwaka 2012, katika Sekondari ya Azania jijini Dar es Salaam, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari. Uwanja wa mchezo huo ulifunguliwa hapohapo Azania Desemba 2018. Mwalimu wa michezo wa Mbeya au Iringa akitaka kuianzisha shuleni kwake, kupiga na kudaka hakutampa taabu. Kinachowachanganya wanafunzi ni pale mrushaji anapomwacha mpigaji akisubiri, anageuka ghafla na kurusha mpira besi ya kwanza. Mkimbiaji anarudi salama, mpira unarudishwa, halafu jambo lilelile linafanyika tena.

Kwa nini anarusha huko wakati hamtoi mtu?

Kwa sababu mkimbiaji hakai juu ya besi. Anajisogeza kuelekea besi ya pili, mita tatu au nne, akinuia kuiiba, yaani kuikimbilia mrushaji atakapomrushia mpigaji. Akiguswa kwa mpira akiwa nje ya besi, ametoka.

Sasa tazama hesabu. Kati ya besi na besi ni mita 27.43. Kwa wachezaji wazoefu, mpira huchukua kama sekunde 1.3 tangu mrushaji aanze mwendo hadi kumfikia mdakaji aliye nyuma ya mpigaji. Mdakaji naye anahitaji kama sekunde 2 kuudaka na kuufikisha besi ya pili. Jumla ni sekunde 3.3, na mkimbiaji mwepesi aliyejisogeza vizuri anafika kwa muda huohuo. Ugomvi wote, basi, ni wa hatua moja. Mrushaji akimfanya mkimbiaji aogope na kupunguza hatua hiyo, kazi imekwisha hata kama hakuna aliyetoka. Mipira mingi inayorushwa besi ya kwanza ni ya kumrudisha mtu nyuma tu, kwa hiyo kocha asimlaumu mrushaji kwa kutomnasa mkimbiaji.

Anaruhusiwa kuzuga, kama kwenye rede?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye rede, kumzuga aliye kati mpaka aruke kabla ya mpira ndiyo raha yenyewe. Besiboli inambana mrushaji maadamu mguu wake unagusa kibao, ule ubao mweupe ulio mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mkimbiaji akiwapo, mrushaji hukutanisha mikono mbele ya mwili na kutulia kabisa. Baada ya hapo ana njia tatu. Anaweza kumrushia mpigaji. Anaweza kupiga hatua moja kwa moja kuelekea besi na kurusha. Au anaweza kuutoa mguu wa nyuma kwenye kibao kwa kuurudisha nyuma.

Akianza mwendo wa kumrushia mpigaji kisha akakatiza, ni kosa. Akipiga hatua kuelekea besi ya kwanza bila kuachia mpira, ni kosa pia. Kuzuga besi ya pili kunaruhusiwa. Kuzuga besi ya tatu nako kuliruhusiwa hadi Ligi Kuu ya Marekani ilipokupiga marufuku mwaka 2013. Adhabu ya kosa ni kila mkimbiaji kusogea besi moja bure, yaani mrushaji anakuwa amempa mwizi kile alichokuja kuiba.

Kwa wanaoanza, ushauri wangu ni mmoja: toa mguu kwanza. Ukishautoa, wewe ni mlinzi kama wengine na unaweza kuzuga utakavyo. Gharama yake ni kwamba mpira ukikuponyoka ukatoka nje ya uwanja, wakimbiaji hupewa besi mbili badala ya moja.

Mkimbiaji anatazama nini?

Miguu. Mrushaji wa mkono wa kulia anaipa besi ya kwanza mgongo, kwa hiyo hawezi kurusha huko bila kujigeuza. Kisigino chake cha kulia kikiinuka kwanza, mkimbiaji anarudi. Mguu wa kushoto ukiinuka kwanza, mara nyingi mpira unakwenda kwa mpigaji naye anachomoka. Mrushaji wa mkono wa kushoto ni balaa jingine. Anatazamana na besi ya kwanza uso kwa uso, na mguu wake wa mbele unapopaa, mkimbiaji hajui utatua wapi. Mwalimu mwenye kijana anayerusha kwa mkono wa kushoto asimwache pembeni.

Na kama mkono wa mrushaji hauna kasi?

Atumie muda. Mara hii atulie sekunde moja kabla ya kurusha, mara nyingine tatu, mara nyingine akae na mpira mpaka mkimbiaji aliyejikunja tayari kuchomoka achoke magoti. Wanafunzi wengi hurusha kwa mdundo uleule, na mkimbiaji mjanja anauhesabu. Vilevile, asiupandishe juu mguu wa mbele; auteleze chini karibu na ardhi, apate kuokoa sehemu ya sekunde.

Tamaa ya mkimbiaji nayo inasaidia. Tarehe 24 Agosti 1983, timu ya Baltimore Orioles iliishiwa wadakaji, ikamweka Lenn Sakata, mlinzi wa ndani, adake badala yao. Wakimbiaji wa Toronto Blue Jays wakaona wamepata mteremko. Kila aliyefika besi ya kwanza alijisogeza mno ili amwibie Sakata, na mrushaji Tippy Martinez, wa mkono wa kushoto, akawanasa watatu katika ngwe moja, yaani zamu moja ya ulinzi: Barry Bonnell, Dave Collins na Willie Upshaw. Kisha Sakata huyohuyo akapiga mpira uliovuka uzio na kumaliza mechi.

Anaweza kurusha huko mara ngapi?

Kwa kanuni za kawaida hakuna kikomo. Ligi Kuu ya Marekani iliweka kikomo mwaka 2023: mrushaji anaweza kurusha au kutoa mguu mara mbili kwa kila mpigaji, na ya tatu isipomnasa mkimbiaji ni kosa. Mwaka huohuo besi zilipanuliwa. Besi zilizoibwa zikapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503.

Wasichana wa softiboli na watoto wa msingi je?

Hawahitaji somo hili. Kwenye softiboli mkimbiaji haondoki mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Kwenye mashindano ya watoto ya Little League, ambako timu ya Lugazi ya Uganda ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika fainali za dunia mwaka 2012, mkimbiaji husubiri mpira umfikie mpigaji.

Hali ya Nyanda za Juu inabadilisha chochote?

Kiasi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa ni zaidi ya 1,500. Hewa ni nyepesi, mpira unapinda kidogo, hivyo mrushaji ategemee zaidi mpira wa moja kwa moja, ambao pia humwahi mdakaji. Juni na Julai vidole vinakufa ganzi kwa baridi na mpira unaponyoka. Ajipashe mikono akiwa ameshautoa mguu kibaoni. Na kwa kuwa viwanja vingi vya shule havina uzio, makocha na mwamuzi wakubaliane kabla ya mechi mpira ukifika wapi, kwenye mtaro au mstari wa miti, utahesabiwa umetoka nje.