Dizeli ya zamani na baridi ya Makete

Swali: Nina Land Cruiser ya mwaka 1996, injini ya 1HZ. Kila asubuhi hapa Makete naiacha ikiunguruma robo saa ndipo niondoke, na bado inatoa moshi mweupe. Je, naitunza au naiua?

Jibu: Robo saa ni nyingi mno. Dizeli iliyosimama hupata moto polepole sana. Mafuta yasiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremkia kwenye sampu. Fungua swichi, subiri taa ya hita plagi izime, piga stata. Ipe dakika moja, kisha ondoka taratibu, usivuke mizunguko 2,000 hadi mshale wa joto upande.

Moshi huo mara nyingi ni hita plagi moja au mbili kufa kati ya zile sita. Zipimwe moja moja kwa mita. Usikubali kubadilishiwa zote kwa kukisia.

Halafu uliza: thamostati ipo? Mafundi wengi huing'oa wakidai gari lisichemke. Kwa baridi ya Makete huko ni kuiumiza injini: haifikii joto lake la kazi, inakula mafuta na kusaga ringi. Nakusihi, irudishe wiki hii hii.

Oili ya 15W-40 ibadilishwe kila kilomita 5,000, na maji yaliyokusanyika kwenye filta ya dizeli yatolewe. Mkanda wa taimingi usipite kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni.