Dondoo muhimu: Kabla hujaijenga tovuti ya shule
Anza na karatasi, si kompyuta. Muulize karani wa shule: wazazi wakipiga simu huulizia nini? Ada, tarehe ya kufungua, sare, fomu ya kujiunga. Hayo ndiyo ya ukurasa wa mbele. Picha ya mkuu wa shule inaweza kusubiri.

Chora kila ukurasa kwa penseli kwa umbo la skrini ya simu, maana wengi watafungulia humo, tena kwa bando la kubana. Picha ya MB 4 ipunguze hadi chini ya KB 200 kabla ya kuipandisha.

Faili la ukurasa wa kwanza liite index.html. Majina yote yawe ya herufi ndogo, bila nafasi. Kwenye Windows, Picha.JPG na picha.jpg ni faili moja. Seva nyingi hutumia Linux, na huko ni mawili tofauti. Ndiyo maana picha iliyoonekana vizuri nyumbani "hupotea" mtandaoni.

Anwani za shule Tanzania huweza kuishia na .sc.tz, Kenya .sc.ke. Isajiliwe kwa jina la shule, si lako: wewe utahitimu.

Sura za wanafunzi? Ridhaa ya wazazi kwanza, kwa maandishi.