Nyumba ya kando ya ziwa: bima yako inalipa nini na inakataa nini?

Kijumba cha wikendi Naivasha, Kampi ya Samaki au Mbita kina mambo mawili ambayo nyumba yako ya mjini haina. Jirani yake ni maji, na mara nyingi wenyewe hawapo. Hayo mawili yanaweza kugeuza dai la fidia kuwa ugomvi mrefu. Kwa hivyo kabla hujaweka PIN na kutuma pesa ya bima ya mwaka huu, toa ule mkataba kwenye droo tuusome pamoja.

Maji yaliingiaje?

Bima ya kawaida ya nyumba hapa Kenya hukusanya vitu vingi kwenye mkataba mmoja: jengo, vyombo vya ndani, na hata mfanyakazi wa nyumbani. Kwa jengo, utaona moto, radi, dhoruba na, mara nyingi, mafuriko. Ukiona neno mafuriko unatulia. Usitulie bado.

Bima hulipa janga la ghafla ambalo hukulitarajia. Mvua ikinyesha usiku kucha, mto ukavunja kingo na kuamkia sebuleni kwako, hilo ni tukio lenye tarehe na saa. Lakini ziwa linalopanda kidogo kidogo, leo liko kwenye ua, mwezi ujao liko kwenye veranda, na baada ya mwaka limefika dirishani? Hapo kampuni inaweza kukwambia kwamba hiyo si ajali, ni hali uliyoiona ikija. Mikataba mingi pia haitaki kusikia habari za unyevu unaopanda kutoka chini ya sakafu au uharibifu wa polepole.

Na hili si jambo la kufikirika. Ziwa Baringo limekuwa likipanda tangu karibu 2010, na pale Kampi ya Samaki maji yalimeza hoteli na nyumba za watu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipita kiwango chake cha 1964, ambacho kwa miaka mingi ndicho wazee walikuwa wakikitaja kila maji yalipokaribia. Naivasha nako, wakazi wa mtaa wa Kihoto walihama mwaka huohuo, na 2025 wakahama tena.

Kwa hivyo muulize ajenti wako swali hili, tena kwa maandishi, barua pepe au ujumbe: "Maji ya ziwa yakipanda polepole mpaka yaingie ndani ya nyumba, mtalipa au hamtalipa?" Usikubali jibu la "usijali, iko covered." Unataka aonyeshe ukurasa. Ikiwa jibu ni la, angalau umejua mapema, na pengine ile pesa ya nyongeza uliyotaka kulipia mafuriko ina kazi bora zaidi kwenye msingi wa nyumba. Moto na wizi bado unahitaji kuvikatia bima.

Halafu kuna suala la ardhi ya ufuo. Kama nyumba iko kwenye sehemu ambayo sheria inataka iachwe wazi kando ya maji, au ilijengwa bila idhini ya kaunti, dai lako liko hatarini hata kama mvua ndiyo iliyoleta maji. Tafuta zile karatasi sasa.

Nyumba isiyo na mtu

Karibu kila mkataba wa nyumba una kipengele kuhusu nyumba iliyoachwa tupu. Mara nyingi ni siku 30 mfululizo. Zikipita bila mtu kulala humo, bima ya wizi inaweza kusimama mpaka mtakaporudi. Sasa fikiria mtu anayeenda Naivasha Pasaka, Agosti na Krismasi tu. Analipia wizi mwaka mzima, lakini miezi mingi hana bima ya wizi na hajui!

Dawa yake ni kusema ukweli kwenye fomu. Andika kwamba ni nyumba ya mapumziko, kuna mlinzi anayelala hapo au hakuna, na paa ni mabati au nyasi. Paa la nyasi hupandisha ada, ndiyo, lakini ukilificha, kampuni itapata sababu ya kukataa siku ya moto. Na huyo mlinzi naye ni mfanyakazi wako: akiumia kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile wengi huiita WIBA, inakudai wewe. Hakikisha jina lake limo.

Vilevile kama unaikodisha kupitia Airbnb au kwa marafiki wa marafiki, hiyo si nyumba ya familia tena machoni pa bima. Ni biashara. Mgeni akiacha jiko likiwaka, mkataba wa nyumba ya kawaida unaweza usikusaidie hata kidogo.

Usipunguze thamani ili ulipe kidogo

Tuseme kujenga upya nyumba yako kungegharimu Sh4,000,000, lakini kwenye fomu uliandika Sh2,000,000 ili ada ishuke. Moto ukateketeza jikoni, hasara Sh600,000. Utadhani bado uko ndani ya milioni mbili zako. Hapana. Ulikata bima ya nusu, kwa hivyo hasara nayo hulipwa nusu: Sh300,000, tena kabla hawajatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unakutaka ujilipie mwenyewe. Hesabu gharama ya kujenga, usichanganye na bei ya ploti. Ploti haiungui.

Ukifika kwenye kulipa

Sheria ya Bima ya Kenya, kifungu cha 156, inasema kampuni haibebi hatari mpaka imepokea ada. Ahadi ya "nitatuma kesho" haikulindi leo usiku. Ukilipa kwa awamu, awamu moja ikichelewa bima inaweza kukatika, kwa hivyo weka kikumbusho kwenye simu siku tatu kabla.

Tuma kwa nambari ya Paybill ya kampuni yenyewe, si kwa simu ya ajenti hata kama mmefahamiana miaka kumi. Jina likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kuthibitisha. Kwenye sehemu ya akaunti weka nambari ya mkataba bila kukosea herufi, maana pesa iliyokosa mkataba ni pesa inayotafuta mwenyewe. Usishangae kiasi kikizidi kidogo: ada ya Sh20,000 huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya hazina ya kufidia wenye bima ya asilimia 0.25 na ushuru wa stempu wa Sh40, jumla Sh20,130.

Ule ujumbe wa kuthibitisha usiufute. Upige picha ya skrini, uuweke pamoja na picha za kila chumba na ile picha ya ukuta unaotazama ziwa, zote zikiwa na tarehe. Kampuni ikikukatalia dai na huridhiki na sababu, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha uyapeleke kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiwa na hizo picha na ule ujumbe wa ajenti mkononi.