Mama Mgonjwa na Maziwa ya Mwanawe

Katika vijiji vya Mpanda, mvua zinyeshapo na maji kutuama katika majaruba ya mpunga, homa ya malaria huzidi, nayo haimbagui mwanamke mwenye mtoto kifuani. Hapo huzuka neno la majirani: mwachishe mtoto, maziwa yameingia homa, tena umemeza dawa. Mama kwa hofu humwondoa mtoto titini, akampa uji mwepesi; na mtoto aliyekuwa mzima huanza kuharisha kabla mamaye hajapona.

Neno hilo halina asili. Malaria huletwa na mbu, wala haipiti katika maziwa. Na joto la mwili halichachishi maziwa yaliyo kifuani. Bali mwili wa mama upiganapo na maradhi hutengeneza kinga, na sehemu yake humfikia mtoto kwa maziwa hayo hayo anayonyimwa.

Ama dawa, hiyo ni habari nyingine. Kilichomo katika damu ya mama chaweza kuingia katika maziwa, lakini kwa dawa nyingi kinachoingia ni kidogo hata hakimdhuru mtoto. Dawa mseto ya malaria, ambayo mtu mzima hupewa vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku 3, haimlazimu mama kumwachisha mtoto. Vivyo hivyo parasetamoli kwa kipimo chake. Lakini kodeini yaweza kumtia mtoto usingizi mzito na kumpunguzia pumzi, aspirini haimfai, na dawa nyingi za saratani humzuia mama kunyonyesha. Mtoto wa siku chache, na hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, ataka hadhari zaidi, maana ini na figo zake bado hazijapata nguvu ya kuondoa dawa.

Basi mwanamke afikapo zahanati na aseme kabla ya kuandikiwa: nanyonyesha, na mtoto ana umri kadha. Mara nyingi mtoto ameachwa nyumbani kwa bibi yake. Asiposema mama, tabibu atajuaje? Na dawa inunuliwayo dukani bila ya kuulizwa neno, au mizizi isiyojulikana kipimo, hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko cheti cha tabibu.

Mwenye virusi vya UKIMWI ana jambo lake. Virusi hivyo kweli hupita katika maziwa, lakini dawa zimezwazo kila siku hupunguza sana hatari hiyo. Na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mama huyo aweza kunyonyesha hata miezi 24 au zaidi maadamu hakosi dawa, na miezi 6 ya kwanza asimpe mtoto kitu kingine. Kwake yeye, kuacha dawa ndiko kubaya.

Na ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula, na anyonyeshaye akichelea nafsi yake au mwanawe vilevile. Asiache kidonge cha mchana kwa ajili ya saumu.

Akizidiwa hata hawezi kumshika mtoto, au akipewa kwa siku chache dawa isiyopatana na kunyonyesha, maziwa yakamuliwe kwa mikono iliyonawiwa, kila baada ya saa 3 hivi, yasije yakakauka. Yenye dawa hiyo humwagwa; mengine hunyweshwa mtoto kwa kikombe kisafi, kwani chupa yenye chuchu ni taabu kuitakasa.