Mwalimu wa Madungu na mwaliko wa ubatizo

"Mimi ni mwalimu, naishi Madungu, Chake Chake. Mwalimu mwenzangu, Mluteri kutoka Moshi, amepata mtoto wa kike na Jumapili ijayo anambatiza. Mwaliko ameniletea mkononi. Mama yangu alipofariki, mwenzangu huyu alikaa nasi jamvini siku zote tatu, akasindikiza jeneza hadi makaburini, akangoja mpaka khitma ikaisha. Sasa nimwambieje kwamba sina nafasi? Lakini tangu nizaliwe sijaingia kanisani. Nitatakiwa kupiga magoti? Nitamwagiwa maji? Nitapewa mkate na mvinyo? Na barazani watasemaje? Usingizi umenipaa. Mwalimu, Madungu."

Barua hii imesomwa mara tatu, na kila mara kilichobaki akilini ni lile jamvi. Mwenzake mwalimu alikaa kwenye khitma bila kushika juzuu. Hakuna aliyemtaka asome asichokijua, wala aliyemuuliza kwa nini midomo yake haichezi. Familia iliona kwamba amekuja, ikashukuru. Mgeni kanisani hukaa vivyo hivyo, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwalimu anastahili kulijua kabla ya Jumapili.

Kama inafaa Muislamu kuhudhuria, na kwa nia gani, hilo gazeti haliwezi kulitolea fatwa. Maulamaa wamelizungumza kwa kauli tofauti, na mwalimu ana sheikh aliyemfundisha; amwendee huyo. Kinachowezekana hapa ni kumweleza atakachokiona, maana hofu yake kubwa ni ya kitu asichokijua.

Aanze na mlango. Mguu wake utataka kuvua viatu wenyewe, kwa mazoea ya msikitini. Katika makanisa mengi ya Kiluteri watu huingia navyo. Linalovuliwa ni kofia. Mwanamume Mkristo akiingia ibadani hukiacha kichwa wazi, na kwa Mpemba mwenye kofia yake ya viua hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu yeye kofia ni heshima yake. Hapa ndipo penye haja ya maneno mawili mapema: amuulize mwenzake, na mwenzake amuulize mchungaji. Huenda akaambiwa aivae tu. Mkewe, kama ataandamana naye, wala hana tatizo. Buibui na mtandio hakuna atakayevishangaa, na wanawake wengi wa Kikristo wa vijijini nao hujifunga vitambaa kichwani. Ila wajue kwamba mume na mke huweza kukaa benchi moja, kwani mara nyingi hakuna pazia wala upande wa wanawake peke yao.

Ndani, mwalimu asitarajie sanamu nyingi. Waluteri kwa kawaida wana msalaba, mishumaa, na meza ya altare yenye kitambaa kinachobadilika rangi kwa majira ya mwaka wa kanisa: kijani, zambarau, cheupe, chekundu. Mchungaji huvaa kanzu, na neno ni lilo hilo.

Lugha ndiyo itakayomshangaza zaidi. Anadhani anaingia mahali pageni, kumbe masikio yake yatasikia ibada, sadaka, toba, dhambi, imani, rehema, baraka, malaika, nabii, Injili. Yote hayo yamepitia Kiarabu, na hata "kanisa" lenyewe limetoka huko. Askofu Edward Steere wa Waanglikana, aliyefika Unguja mwaka 1864, alijifunza Kiswahili kwa watu wa mji ule, na alipokuwa akitafsiri maandiko hakuunda msamiati mpya pale ambapo watu walikuwa tayari na neno. Kwa hiyo Wakristo wa Afrika Mashariki wanamwomba Mungu kwa maneno ambayo Mpemba aliyasikia chuoni kwa maalim wake. Maana zake zinaachana mahali pazito, na mwalimu atazisikia zikiachana, hasa Yesu atakapotajwa kuwa Mwana wa Mungu. Hatakiwi kuitikia. Asikilize tu.

Watamwamkia "Bwana Yesu asifiwe!" na wenyewe kwa wenyewe watajibizana "Amina!" Yeye akijibu "Asanteni, nimekaribia," hakuna atakayeona kapungukiwa na adabu.

Ibada ya Kiluteri ina mpangilio wake, na watu husimama na kukaa mara nyingi kiasi kwamba mgeni huchoka kuwafuata. Injili ikisomwa husimama. Kusimama pamoja nao ni heshima ya mgeni kwa wenyeji wake. Kupiga magoti, kuimba, kukiri imani: hayo ni ya waumini, naye akikaa ametulia inatosha. Kutakuwa na kwaya, pengine mbili, na watu wengi watakuwa na kitabu cha nyimbo. Jirani yake akimsogezea kitabu, apokee. Ni ukarimu, na kukifungua si kula kiapo.

Ubatizo wenyewe ni wa muda mfupi. Wazazi na wasimamizi wa mtoto huitwa mbele, huulizwa maswali na kujibu kwamba watamlea katika imani yao. Kisha mchungaji humtia mtoto maji kichwani mara tatu, akimtaja jina. Anayetiwa maji ni mtoto. Mwalimu atarudi Madungu mkavu.

Kuhusu mkate na divai, ambayo Waluteri wa Tanzania huita Chakula cha Bwana, mwalimu anaogopa kupewa, na ukweli ni kinyume chake: hata angetaka asingepewa. Ni ya waliobatizwa na, kwa desturi ya Waluteri, waliokwisha pata kipaimara. Si kila Jumapili hutolewa. Ikitolewa, watu hujipanga kwenda mbele, naye hubaki alipo. Wakristo kadhaa watabaki benchini pia, kila mmoja kwa sababu yake, kwa hiyo hatakuwa peke yake.

Sehemu atakayotoka jasho ni nyingine kabisa, na wageni wengi husahau kuonywa. Ni matangazo. Katibu au mzee wa kanisa husoma matangazo marefu ya ndoa, vikundi, michango na wagonjwa, kisha husema: "Wageni wasimame." Mwalimu atasimama, ataje jina lake, anakotoka na aliyemwalika, apigiwe makofi, akae. Sentensi moja inatosha. Mtu anayefundisha darasa zima la watoto hawezi kushindwa na hilo, lakini ni vizuri alijue mapema asije akadhani ameitwa ashuhudie imani.

Sadaka hufuata. Waumini huenda mbele mstari kwa mstari kutia fedha kwenye vikapu au masanduku, wengine kwenye bahasha. Mgeni anaweza kubaki amekaa. Kama mkono wake unataka kutoa kitu, Pemba inajua la kumfanyia mzazi: doti ya kanga kwa mama wa mtoto, apelekewe nyumbani.

Nje, baada ya ibada, anaweza kukuta jambo la kumchangamsha. Waumini wasio na fedha hutoa mazao, na mazao hayo hunadiwa uwanjani: mkungu wa ndizi, trei la mayai, kuku. Mpemba anaujua mnada wa samaki pwani, ambako kila mtu hupigania asizidishe bei. Huu wa kanisani watu hushindana kuipandisha. Yai huuzwa, aliyelinunua hulirudisha, huuzwa tena. Na mgeni asishangae akinunuliwa ndizi na mtu asiyemjua, akapewa achukue kwake.

Hayo ni ya Waluteri. Akialikwa siku nyingine na Mkristo mwingine, atakuta mambo mengine, na hapa ndipo wengi wa visiwani hukosea kwa kudhani Waprotestanti ni kitu kimoja. Wasabato huabudu Jumamosi. Wapentekoste, kama wa Tanzania Assemblies of God, hawabatizi watoto wachanga. Humweka mtoto wakfu kwa maombi, na ubatizo huwa wa mtu mwenye akili zake, anayezamishwa mwili mzima. Kwao kuna ngoma, kinanda na vipaza sauti, na wakati wa maombi kila mtu huomba kwa sauti yake, wengine kwa machozi, wengine kwa kunena kwa lugha. Mwishoni mhubiri huweza kuuliza nani anataka kumpokea Yesu, anyooshe mkono au aje mbele. Asiyekusudia hilo aweke mikono mapajani. Kwa kawaida hafuatwi alipokaa, na akifuatwa ana haki ya kusema "hapana, ahsante" akabaki na amani yake.

Waanglikana wa Zanzibar ndio walio karibu zaidi na sura ya Kikatoliki: mishumaa, magoti, hata ubani. Kanisa lao kuu lipo Mkunazini, Unguja, ambako jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873 palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule soko hilo lilipofungwa.

Na Pemba yenyewe? Waprotestanti waliokita mizizi ya mapema hapa ni kundi ambalo mwalimu huenda hajalisikia, yaani Marafiki, au Quaker. Mwaka 1897, utumwa ulipokuwa ukifutwa kisheria katika himaya ya Sultani Hamoud bin Mohammed, Waingereza wa kundi hilo, akiwemo Theodore Burtt, walikuja wakanunua shamba la mikarafuu huko Banani, si mbali na Chake Chake, ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira na mafunzo. Ibada ya Marafiki wa Uingereza ni kimya. Hawabatizi kwa maji, hawagawi mkate wala divai, hawana padri. Watu huketi wametulia, na mwenye neno husimama akalisema. Marafiki wa Kenya, waliotokana na misheni ya Kaimosi ya mwaka 1902, huimba na kuhubiri kama makanisa mengine, na leo ni wengi kuliko Marafiki wa nchi nyingine yoyote. Kwa hiyo Wapemba walikwisha kuishi jirani na kanisa tangu zama za babu zao.

Limebaki la baraza, na safu hii hailichukulii kwa wepesi. Lakini kabla yake, upande wa kanisa nao una kumbukumbu zake: mwezi Mei 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja. Februari 2013 Padri Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki alipigwa risasi akauawa huko Mtoni alipofika kuongoza ibada. Waumini wa visiwani hawajasahau. Jamii ndogo ya Wakristo ikimwona mgeni asiyejulikana anasimama mlangoni, inaweza kumtazama mara mbili, na si kwa chuki. Ndiyo sababu mwalimu asiende peke yake wala asifike kimyakimya: aongozane na mwenyeji wake, au mwenyeji amtaje kwa mchungaji siku moja kabla.

Barazani, naye awahi. Siri ndiyo inayozaa uvumi. Akionekana Jumapili asubuhi akishuka Madungu na kanzu iliyopigwa pasi, kila mtu atakuwa na hadithi yake mpaka Alasiri. Ijumaa jioni aseme mwenyewe, kwa sauti yake ya kawaida: "Jumapili naenda kwenye shughuli ya mtoto wa mwalimu mwenzangu, yule aliyekuja kwenye maziko ya mama." Watakaokumbuka ni wengi, kwa sababu walikaa jamvi moja naye. Atakayenuna amwachie kununa kwake.

Na kama moyo wake, baada ya kumsikiliza sheikh, hauwezi kuvuka ule mlango, bado hajakosa njia. Aje baada ya ibada, nyumbani, na kanga zake. Amwambie mwenzake wazi sababu, bila kuzua safari ya Weti wala ugonjwa. Mtu aliyekaa siku tatu katika matanga ya wengine anajua mipaka ya dini ni nini.

Ibada ikianza saa tatu, ubatizo na matangazo vikiwemo, huweza kufika saa sita. Adhuhuri bado ina nafasi. Mwalimu anaweza kuaga, akaswali, kisha akaenda kwenye karamu. Huko kuna swali moja la kuulizwa mapema, na mwenyeji mwenye adabu hulisubiri: nani atachinja? Tanzania ni desturi ya miaka mingi kwa Wakristo wenye wageni Waislamu kumpa Muislamu kisu, ili sinia moja litoshe watu wote. Mwalimu amuulize mwenzake Jumamosi. Huenda akakuta kuku wameshafungwa miguu, wanamngojea yeye.